Mshubiri ni mmoja, lakini ute na shubiri ni vitu viwili

Dada uliyeuliza kama uendelee kunywa juisi ya jani zima la mshubiri (alovera) unalolisaga kwenye blenda, ilhali tumbo linakusokota kila usiku, ninakuomba uiache leo hii. Yalinipata hayo hayo.

Ukilikata jani na kulisimamisha ndani ya bakuli, utaona majimaji ya manjano yakichuruzika kutoka chini ya ganda. Hayo yakikaushwa ndiyo shubiri yenyewe, ile ambayo mama zetu walijipaka kwenye chuchu walipotaka kumwachisha mtoto ziwa. Ute mweupe wa katikati ni kitu kingine kabisa, kwani takribani asilimia 99 yake ni maji. Unaposaga jani zima, unavinywa vyote viwili.

Ndani ya shubiri mna aloini, kemikali ya jamii moja na zile za sanamaki, majani yanayotumika kulainisha choo. Bakteria wa utumbo mpana huigeuza, kisha utumbo hujikaza na kushindwa kufyonza maji, na kwa kuwa safari hiyo huchukua saa kadhaa, anayekunywa jioni huamshwa na msokoto usiku wa manane.

Mimi nilikuwa nikifunga choo, nikawa ninakunywa glasi moja kila jioni. Wiki ya kwanza nilifurahi. Wiki ya pili nilikuwa ninaharisha mara tano au sita kwa siku, misuli ya miguu inakaza, na moyo unanienda mbio hata nikipanda ngazi chache. Kipimo cha damu kilionyesha kwamba potasiamu, madini ambayo misuli na moyo huyahitaji na ambayo hupotea kwa kuharisha, imeshuka. Daktari akaniuliza kama ninatumia dawa za moyo, kwa sababu potasiamu ikishuka kwa mtu anayetumia digoksini, mapigo yanaweza kuvurugika vibaya. Mimi situmii, anayetumia ni mama yangu mzazi, na nilikuwa nikimmiminia glasi yake kutoka jagi lile lile. Alipimwa siku hiyo hiyo.

Marekani iliamua mwaka 2002 kuondoa shubiri katika dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari. Baadaye panya waliopewa kwa miaka 2 dondoo la jani zima lisilochujwa walipata uvimbe, ukiwemo wa saratani, katika utumbo mpana. Zipo juisi za viwandani zilizochujwa kwa mkaa maalumu ili kuondoa aloini, lakini blenda ya nyumbani haichuji chochote.

Ute wa kupaka sijauacha. Ninamenya jani, ninausuuza mpaka umanjano uishe, kisha ninapaka penye kuungua kidogo. Kunywa, hapana, na kwa mjamzito au anayenyonyesha hata kuonja nisingemshauri.

Kwa kuwa umesema hali hii ina siku kadhaa, nenda ukapimwe, na utaje mshubiri bila kusubiri kuulizwa. Mimi niliutaja daktari aliporudia mara ya pili kuuliza ninakunywa nini nyumbani, kwa maana sikuwa nimeuhesabu kuwa dawa.