Kwa mnaoanza kutabiri uchafu wa hewa ya Mwanjelwa, Mbeya

Mwezi wangu wa kwanza nilitangaza kwa kujiamini kabisa kwamba hewa ya Mwanjelwa huchafuka zaidi saa 4 asubuhi, na mkosaji nikamtaja: malori ya Tunduma. Grafu ninayo, rangi nyekundu ninayo, nani angenibishia? Kumbe kifaa cha kupimia hewa kilikuwa kikiandika 04:00 kwa saa ya Greenwich. Ukiongeza 3 inakuwa 07:00 ya hapa, ambayo mtu wa Mbeya anaiita saa 1 asubuhi. Mimi niliona 4 nikasoma saa 4. Na saa 1 asubuhi malori siyo habari kubwa. Habari ni kuni za maandazi, majiko ya mkaa yanayopepewa barazani, bajaji zinazoamshwa kwenye baridi na daladala zinazogombea wanafunzi. Kwa hiyo wadogo zangu, kabla hamjachora mstari wowote, andikeni juu ya jedwali hiyo ni saa ya nani.

Jambo linalowachanganya wageni wote ni hili: mchana magari ni mengi kuliko alfajiri, lakini kipimo kinashuka. Sababu iko mlimani. Mji wetu umekaa kwenye mita 1,700 hivi, na Loleza, mita 2,656, inatuangalia kutoka juu. Usiku wa Juni na Julai, anga likiwa jeupe, ardhi inapoteza joto haraka. Hewa baridi ni nzito, inateremka kwenye miteremko kama maji na kulala bondeni, huku iliyo na joto zaidi ikibaki juu yake. Hapo sufuria imefunikwa. Kila jiko linalowashwa linachangia chini ya mfuniko uleule. Pandeni kidogo kuelekea Loleza asubuhi moja ya Julai mtauona moshi umekatika juu, bapa, kama umepigwa rula. Jua likishika, mara nyingi kati ya saa 3 na saa 4, mfuniko unafunguka na moshi unapata pa kwenda.

Ndiyo maana jioni mimi huanza na anga, siyo barabara. Kuna mawingu? Upepo upo? Mamlaka ya Hali ya Hewa inasema kesho kiwango cha chini cha joto ni kipi? Usiku mtulivu, usio na wingu, wenye baridi kali: asubuhi itakuwa chafu, hata kama ni Jumapili. Usiku wa upepo: lala salama. Majiko yetu hayabadiliki sana kati ya Jumanne na Jumatano. Kinachobadilika ni mfuniko.

Mtaniuliza kwa nini tusisome namba kwenye simu tu. Someni, ila mjue inatoka wapi. Programu nyingi zinachukua utabiri wa dunia nzima, kama ule wa Copernicus wa Ulaya, ambao hutolewa mara 2 kwa siku na kuigawa dunia katika miraba yenye upana wa kilomita 40 hivi. Mraba mmoja wa namna hiyo unaweza kumeza msitu, Mbalizi, mashamba ya viazi na stendi ya Kabwe kwa pamoja, halafu ukakupa wastani wao. Mama anayekaanga samaki Mafiati hayumo humo. Lakini kwa moshi unaosafiri, kuanzia Agosti hadi Oktoba watu wanapochoma mashamba na nyasi, utabiri huo una macho marefu kuliko yetu. Ongezeni ramani ya moto ya NASA, ila msitishwe na nukta nyekundu kabla ya kuangalia upepo unaelekea wapi.

Kuhusu vifaa. Watu hapa wanaviita sensa, na mara ya kwanza nilipokwenda kufunga kimoja dukani, mwenye duka alidhani nimekuja kuhesabu watu. Nikamweleza, akanipa nafasi nzuri sana nyuma ya banda. Kila jioni namba zilipaa. Nikaandika ripoti ndefu juu ya msongamano wa magari ya jioni, hadi siku niliyokwenda mwenyewe saa 12 nikakuta karai la chipsi limetenganishwa na kifaa changu na bati moja tu. Ulizeni majirani wanachoma nini na saa ngapi. Na ukungu nao ni mwongo: hivi vifaa vya bei nafuu vinapiga mwanga na kuhesabu unavyotawanyika, kwa hiyo tone la maji linahesabiwa kama vumbi. Unyevu ukipita asilimia 80 hivi, wekeni alama ya kuuliza kando ya namba.

Msifananishe saa moja na siku nzima. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 kwa chembe laini, zile za PM2.5, ni maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, na huo ni wastani wa saa 24. Kuona 60 saa 1 asubuhi siyo "mara 4 ya kiwango". Subirini siku iishe mpige wastani. Rangi ambazo programu hutumia kuonyesha ubora wa hewa nazo zina mambo yake. Wamarekani walibadilisha zao Mei 2024, kijani, yaani hewa nzuri, ikaishia 9 badala ya 12, hivyo 10 ileile inaweza kuwa kijani kwenye simu hii na njano kwenye ile.

Kwenye kusema na watu, punguzeni namba. Muuza maandazi aliniuliza, "Kwa hiyo nisipike?" sikuwa na jibu, nikaona aibu. Siku hizi nasema: mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, anayekimbia barabarani asogeze mazoezi hadi saa 4. Na usiku wa baridi nasema jambo ambalo kifaa chetu hakipimi kabisa: jiko la mkaa lisilale chumbani na watu. Gesi yake haina harufu, na inaua.

La mwisho ni daftari. Utabiri unaandikwa saa 12 jioni, kwa kalamu, haufutwi. Kesho yake mnaandika kilichotokea pembeni. Safu ya tatu mwekeni mpinzani anayesema kila siku "kesho kama leo". Msimcheke. Mwezi wangu wa kwanza alinishinda, na hata sasa, kiangazi kikitulia, ananisumbua. Ninapomwacha mbali ni siku upepo unapogeuka na wiki ya mvua za kwanza za Novemba, basi daftari lenu nitalifungulia hapo.