Leo ndio wasema

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: “Wenye risiva za bei nafuu, zile za kuifanya sebule iwe sinema, mwazionaje? Pesa yenu ilikwenda kihalali?” Risiva, yaani kile kisanduku kinachopokea sauti ya runinga na kuigawia spika, mimi ninayo mwaka wa sita sasa, nyumbani Kibokoni, Mombasa. Kabla ya kuandika nimepita kwa shemeji yangu Kisauni na kwa fundi mmoja wa Majengo ambaye meza yake haikosi risiva mbili tatu zilizopasuliwa matumbo. Kwa hiyo humu mna yangu na ya wenzangu.

Yangu ilistahili. Ila kile nilichoinunulia sikitumii, na kile ninachoitumia sikukijua siku ile naipakia kwenye tuktuk.

Niliinunua kwa ajili ya mshindo. Nilikuwa nimetazama mpira kwa rafiki yangu Tudor, uwanja mzima unanguruma nyuma ya kochi, nikasema na mimi lazima. Nikapata ya mtumba, ya 5.1, yaani ya kuendesha spika tano na sabufa moja, ile spika ya mshindo mzito, kwa shilingi 19,000. Spika nikazikusanya moja moja. Kampuni siitaji, maana mbele nitailalamikia kidogo. Muuzaji alisema wati 100 kwa kila spika. Mara tano, 500. Nikatoka dukani najiona nimebeba disko zima.

Fundi wa Majengo alicheka. Akaigeuza risiva, akaweka kidole kwenye kibandiko cha nyuma, pale waya wa stima unapoingilia. Kimeandikwa kwamba inavuta wati 240 kutoka ukutani. “Sasa bwana, kitu kinachokula mia mbili na arubaini kitatapika mia tano?” Hapo ndipo nilipofahamu tunavyouziwa. Ile 100 mara nyingi hupimwa spika moja tu ikifanya kazi, kwa mlio wa aina moja, na kwa kukubali mkwaruzo wa asilimia 10, ambao hata asiyejua muziki ataukunjia uso. Ziamshe zote tano kwa pamoja uone kila moja itabakiwa na nini. Na hiyo bado ni afadhali. Yale maboksi ya njiani yenye maelfu ya PMPO, yaani wati za kufumba na kufumbua, hata usiyapigie hesabu.

Lakini nilipoijua hesabu ya masikio nilipoa. Ukizidisha wati mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu (desibeli ndiyo kipimo cha sauti), nyongeza ndogo kwa sikio. Ili sikio likiri kwamba sauti imekuwa mara mbili, wati zatakiwa zipande karibu mara kumi. Basi anayelala macho akichagua kati ya risiva ya wati 50 na ya 70 ajipumzishe. Aangalie spika. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja hutaka nusu ya nguvu ya ile inayotoa 87. Mimi kwa chumba changu wati chache tu jirani ashagonga ukuta.

Chumba chenyewe ndicho kilichonitoa jasho. Nyumba yetu ni ya zamani, mawe ya matumbawe na chokaa, juu dari la boriti. Mnaozijua nyumba hizi mwajua: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, na boriti ya mkoko haiendi mbali, ndiyo maana vyumba vikawa virefu na vyembamba kama ushoroba. Changu hakifiki mita tatu upana. Kijitabu cha risiva kimechora sebule ya mraba, kochi katikati, spika za nyuma zimekaa kwa nafasi zao kama wageni wa harusi. Kwangu, kochi likishakaa, mtu mnene hupita ubavu. Nikasema basi spika za nyuma nitazipigilia ukutani. Msumari wa kwanza ulishuka na kipande cha chokaa cha ukubwa wa sahani, na mamangu mlangoni ananitazama.

Zidaka ndizo zilizoniokoa. Ukuta wa nyuma una zidaka alimokuwa marehemu bibi akiweka bakuli za kaure. Spika zikaingia humo kana kwamba mjenzi alizijua. Mwanzoni zilikuwa na sauti ya mtu anayesemea ndani ya mtungi, mpaka nilipokunja leso kuukuu mbili nikazisokomeza nyuma yake.

Risiva ilikuja na kimaikrofoni cha kupimia chumba. Unakiweka pale unapokaa, inapiga mlio kwenye kila spika, halafu inajipimia umbali. Sauti hukata kiasi cha mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo karibu hucheleweshwa kidogo ili zote zifike sikioni pamoja. Jambo la akili sana, lakini lataka kimya, na kimya Kibokoni utakipata wapi? Mara ya kwanza alipita muuza kahawa na vikombe vyake, kacha kacha kacha, risiva ikanitangazia kwamba spika ya nyuma kushoto iko umbali wa mita 11. Nyumba yote haina mita 11. Mara ya pili ikaadhiniwa. Nikaja kupima saa tisa za usiku, nimejibanza nyuma ya mlango nisipumue.

Sasa nije kwa mamangu.

Mamangu ana miaka 74 na masikio yamepungua. Runinga za siku hizi ni nyembamba, spika zimefichwa nyuma au chini, zinasemea ukuta. Kila usiku ilikuwa vita. Ataongeza sauti mpaka 60, muziki utatingisha vikombe, na maneno bado hayasikii. “Asemaje?” Nikimweleza, yule wa kwenye tamthilia ashasema mengine. “Na sasa asemaje?” Mwisho akawa hatazami tena, anakaa tu pale na tasbihi yake, uso kwenye kioo, hauko nasi.

Spika ya katikati niliinunua mwisho kabisa, shilingi 2,500, na nusura nisiinunue, maana nilidhani ni ya kujazia idadi. Kumbe katika filamu zilizotengenezwa kwa chaneli sita, yaani njia sita za sauti, mazungumzo karibu yote hupelekwa kwake. Zile nyingine zabeba mvua, magari na ala. Taarifa ya habari na michezo yetu ya kuigiza haiji kwa sita, yaja kwa mbili, kushoto na kulia. Hapo risiva ina kazi nyingine, kwangu imeandikwa Dolby Pro Logic II: inatafuta kile kilicho sawasawa pande zote mbili, na kile kilicho sawasawa aghalabu huwa ni mtu anayesema, inamchukua na kumkalisha katikati.

Nikaiunganisha ile ya katikati jioni moja, nikaiinua peke yake desibeli 4 juu ya wenziwe, sauti ya jumla nikaishusha. Taarifa ya habari ikaanza. Mamangu yuko pale pale pake, punje za tasbihi zinapita chini ya dole gumba, moja, moja, moja. Zikasimama. Akatazama runinga, akanitazama mimi.

“Leo ndio wasema,” akaniambia. “Siku zote wanung’unika.”

Hiyo ndiyo shilingi 19,000 yangu, Mhariri. Mengine ni nyongeza.

Shemeji yangu wa Kisauni alikumbwa na kinyume chake. Yake aliiunganisha bila spika ya katikati, lakini kwenye mipangilio akaiacha ikiamini ipo. Wiki nzima alitazama filamu watu wanafungua midomo, viatu vinalia, milango inabamizwa, neno hakuna. Akailaumu flashi, akamlaumu aliyemuuzia filamu. Nilipokwenda nikaingia kwenye menyu, nikaiambia risiva kwamba ya katikati haipo, maneno yakagawiwa spika za pembeni papo hapo. Hakufurahi. Alikuwa ashagombana na watu wawili.

Huyo ndiye pia aliyeunguliwa kwa maana halisi. Kabla ya hiyo aliyo nayo sasa, alikuwa amenunua moja kwa bei ya kutupa, imeng’aa, maandishi ya Kijapani. Umeme wa Japani ni volti 100. Wetu ni 240. Alibadilisha kichwa cha plagi tu, akachomeka, ikatoa mlio mmoja mdogo kama mtu anayeguna, halafu moshi. Kibandiko cha nyuma kiliandika 100V waziwazi. Za kutoka Uingereza na Dubai hazina shida hiyo, na ya Japani nayo yatumika ukiiwekea transfoma ya kushusha, ila transfoma ya kuaminika ina bei yake na ule unafuu wote unayeyuka. Fundi ananiambia za namna hiyo humjia mara kwa mara, na zote zina hadithi moja: “Niliichomeka tu.”

Malalamiko yangu mwenyewe sasa. Joto kwanza. Risiva hutoa moto hata zikiwa hazijapaza, na yangu nilikuwa nimeibana ndani ya kabati la runinga ili isichukue vumbi. Ikafika kaskazi, ule Januari wa kutoka bafuni na kutokwa jasho kabla ya kujifuta, ikawa inajizima katikati ya kipindi. Nikaitoa nje, nikaiachia shubiri nzima ya hewa juu yake, ikapona. Halafu ikajizima tena, na mara hii si joto. Fundi alikuta uzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, umetoka kwenye waya wa spika na kugusa tundu la jirani yake. Alinionyesha kwa ncha ya bisibisi, na hata hapo ilibidi nivae miwani.

Mara ya tatu ilikuwa mjusi kafiri. Alifuata vuguvugu, akaingia kwenye matundu ya juu, akakauka juu ya bodi kama ng’onda. Ukarabati shilingi 1,800. Sasa nimefunika matundu kwa wavu mwepesi wa dirisha, hewa yapita na mjusi hapiti.

Chumvi ya bahari nayo hailali. Ncha za waya hugeuka kijani, sauti inaanza kukatika upande mmoja, na mtu hudhani spika imekufa. Kila miezi michache nazikata kidogo na kuzichuna upya. Umeme ukipotea, ule unaorudi ndio mbaya kuliko uliokwenda, kwa hiyo nimeipitishia kile kidude cha kulinda friji, ambacho husubiri dakika chache kabla ya kuruhusu. Mamangu hulalamika taarifa imempita. Astahimili.

Kampuni naidai jambo moja. Risiva yangu haipitishi picha za 4K, na hilo naweza kulisamehe kwa umri wake: dekoda nimeichomeka kwenye runinga moja kwa moja, sauti ndiyo inarudi kwenye risiva kwa kebo ile ile ya HDMI, njia waliyoiita ARC, iliyoingia mwaka 2009. Tatizo ni kwamba siku nyingine wanaongea, siku nyingine wamenuniana. Runinga inasema haioni risiva, risiva inasema haina habari na runinga. Dawa ni kuzichomoa zote mbili ukutani na kunywa kikombe cha chai. Kijitabu hakikusema neno.

Na kitufe kimoja naomba kisiguswe na mgeni yeyote: kile cha kusambaza sauti spika zote. Nimeunganisha deki ya kanda, nina kanda za taarabu za Juma Bhalo alizoacha babangu. Rekodi zile hazikujua habari ya spika tano. Ukizisambaza, tabla inatokea kwenye kidaka na mwimbaji anakuwa kama yuko msalani. Ziachie mbili za mbele, zima nyingine zote, Bhalo anakaa mbele yako pale pale.

Anayetaka kununua aende mchana, umeme ukiwepo mtaani, na asome kibandiko cha nyuma kabla ya kuuliza bei. Achukue kipande cha waya na spika moja ndogo, ajaribu tundu la spika moja moja, maana moja iliyokufa ndiyo sababu ya ile bei. Ainuse kwenye matundu ya hewa. Iliyowahi kuungua ina harufu haipotei. Na kama ana spika za ile seti nzima ya dukani iliyoharibika, asidhani zitafaa: nyingi ni za omu 3 (omu hupima jinsi spika inavyouzuia umeme), risiva hutaka 6 au 8, yaweza kujizima hata kabla hujakaa.

Sabufa ninayo bado. Tangu jirani alipogonga ukuta mara ya pili, na ana mtoto mchanga, niliichomoa nikaiacha pale pale kwenye kona. Mamangu akaitandikia kitambaa alichokidarizi mwenyewe, juu yake akaweka chetezo. Kila Ijumaa hufukiza udi hapo, na mimi sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba kile ni kitu cha kutoa sauti.