Presha ya mazoezini si ya kupuuza, wala si ya kukimbiza mtu Bombo

Vikundi vya jogging hapa Tanga havikosi mtu mwenye mashine ya presha kwenye begi. Kwetu ni mimi. Tukishamaliza mbio za Raskazoni, jasho bado linachuruzika, watu wananizunguka niwapime. Mmoja akiona 170, tayari anaulizia bajaji ya kwenda hospitali ya Bombo.

Tulia kwanza, ndugu yangu. Ukikimbia misuli inadai damu, moyo unasukuma kwa nguvu, na namba ya juu lazima ipande. Namba ya chini ndiyo inayotakiwa ibaki palepale au ishuke kidogo, kwa kuwa mishipa ya miguuni hutanuka. Presha yako ya kawaida hupimwa umeketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga chini, mkono usawa wa moyo, na nusu saa imepita tangu zoezi, sigara au kahawa. (Wazee wa barazani Ngamiani mnisamehe, kahawa nayo imo.)

Lakini kuna kupanda kulikopita kiasi. Mpaka unaotumiwa sana kwa namba ya juu ni 210 kwa mwanaume na 190 kwa mwanamke, mtu akipimwa hospitalini huku anafanya zoezi. Mwenzetu mmoja akipimwa ameketi husoma 128/80, kwa hiyo kila mara aliambiwa yuko salama. Kwenye kipimo cha mazoezi akapita 220. Daktari akamvalisha mashine ya kupima presha kwa saa 24, na wastani wake wa mchana ukakutwa juu ya 135/85. Ni presha iliyojificha: chumbani kwa daktari haikuonekana, ila akipanda ngazi au akibeba mzigo ipo. Watu wa namna hii mara nyingi mishipa yao imeanza kukakamaa, na presha ya kudumu huwapata kwa urahisi baadaye.

Hakukatazwa kukimbia. Kukimbia taratibu, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea, hushusha presha kadiri wiki zinavyokwenda. Alichokatazwa ni kunyanyua vyuma vizito huku amebana pumzi. Wanyanyua vyuma wamewahi kupimwa katikati ya zoezi wakapita 300. Akaambiwa pia apunguze chumvi (ile ya kwenye muhogo wa kukaanga tunaijua wote) na aache kumeza diklofenaki kila goti likiuma, maana nayo hupandisha presha.

Kifua kikibana, macho yakiingia ukungu au kichwa kikiuma ghafla, simama hapohapo uende hospitali.

Mimi sasa napima kabla ya mbio. Anayesoma 180/110 namkalisha, nampima tena. Ikibaki hapo hakimbii, anakwenda kumwona daktari siku hiyohiyo, hata kama fulana mpya ya kikundi ameshailipia.