Alizeti umepata, bado dagaa

SWALI: Shikamoo mama. Mwanangu ana mwaka na mwezi mmoja, bado ananyonya. Kuna dada anapita mtaani kwetu akiuza virutubisho, anasema mtoto asipopewa vidonge vya omega-3 ubongo wake hautakua vizuri. Kopo moja elfu tisini. Mimi napikia alizeti ya Singida, nasikia nayo ina omega. Ninunue? – Mama Neema, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo elfu tisini irudishe kwenye pochi.

Huyo dada hakudanganya yote. Mwili hujitengenezea mafuta mengi, hata kutokana na ugali, lakini ya aina mbili, omega-6 na omega-3, lazima yaingie kwa mdomo. Mwaka 1929 huko Marekani, George Burr na mkewe Mildred waliwalisha panya chakula kisicho na mafuta kabisa. Ngozi zilitoka magamba, mikia ikaharibika, wakadumaa.

Alizeti yako imejaa omega-6, ila omega-3 karibu hakuna, hata ukimaliza dumu. Ile omega-3 inayojenga ubongo na macho, DHA, iko kwenye samaki wenye mafuta. Kwa mfuko wako, hao ni dagaa.

Sasa, dagaa hawanunuliwi kwa macho tu. Mimi mtoto wa Mwanza: kabla muuzaji hajajaza sado, chukua mmoja, mvunje, mnuse, mtafune. Anayeng'aa kama bati jipya ndiye. Aliyegeuka manjano na kukwaruza koo, mafuta yake yameharibikia juani, na ndiyo hayo uliyoyafuata sokoni. (Kwa sababu hiyo hiyo sinunui alizeti ya chupa zilizoanikwa kando ya barabara, hata niitwe mama mara kumi.)

Toa vichwa, osha mchanga mpaka maji yawe meupe, kaanga bila mafuta hadi wakauke, twanga, chekecha. Kijiko cha chai kwenye uji wa Neema ukishaiva. Siku ya kwanza weka unga wa kubana kwa vidole viwili tu, umwangalie kama atatoka vipele.

Nawe kula. Mama anyonyeshaye akila samaki, DHA huongezeka kwenye maziwa yake.

Kama Neema alizaliwa njiti au ana maradhi yoyote, siku ya kupima uzito muulize nesi kabla hujampa kidonge cha mtu.