Kabla hujabadili tenki la choo cha boti, nusa kitambaa kwanza

Mkuu, rudisha hizo hela mfukoni. Umesema boti yako inanuka choo, fundi kakwambia tenki limeoza, na unauliza ununue la plastiki au la chuma kisichoshika kutu, na pampu iwe ya mkono au ya umeme. Hayo maneno "tenki limeoza" nayajua vizuri. Mimi yalinigharimu shilingi 2,300,000.

Boti yangu inabeba watalii na watu wenye shughuli zao, Mwanza hadi Ukerewe, mara mojamoja Rubondo. Fundi aliingia kebini, akavuta pua, akagonga tenki kwa spana mara mbili kama daktari anayepima kifua, akasema, "Bosi, hili limekwisha." Hakugusa kitu kingine chochote. Tukakata sakafu niliyoipaka vanishi mwezi uliotangulia, tukang'oa tenki, tukaingiza jipya, halafu akafunga mipira ileile ya zamani ya kupitisha uchafu. Eti "mipira haina shida bosi". Wiki nzima pakanukia rangi tu, nikajiona mjanja. Jumapili iliyofuata nimebeba watu wa harusi kutoka Nansio, jua la saa nane, tuko katikati ya maji, mama mmoja kafunika pua kwa kanga na ananikodolea mimi. Mimi, nahodha! Nikajifanya nachungulia injini.

Nikampigia fundi. Akasema mwaga jiki. Nikamwaga chupa 4, mjinga mimi. Klorini ya jiki ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma macho. Tulishuka mwaloni tunatokwa machozi kama tumefiwa. Juu ya hapo unawaua hata bakteria wanaotaka hewa, na hao ndio wanaosaga uchafu bila kutoa ule mnuko wa mayai viza. Siku hizi yule bwana hapokei simu yangu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyewahi kufunga mabomba melini. Aliomba maji ya moto na shati kuukuu, basi. Akachana vipande, akachovya, akakamua, akazungushia kimoja kwenye kila mpira na kingine kwenye tenki, akaviacha vipoe. Kisha akanipeleka nje nivinuse. Cha tenki: hakuna kitu. Cha mpira unaotoka chooni kwenda tenkini nusura kinitapishe, na mpira wenyewe mkavu, hauvuji hata tone! Harufu inapenya kwenye ukuta wa mpira, hasa pale ulipolegea ukafanya tumbo na uchafu ukalala humo siku nzima. Wangu ulikuwa ule wenye waya wa kuzunguka, wa kunyonyea maji ya kumwagilia bustani. Fundi gani anafunga mpira wa mchicha chooni?

Tuling'oa yote. Sehemu zilizonyooka tukaweka bomba gumu la PVC la inchi moja na nusu, kwenye miisho vipande vifupi vya mpira mzito wa maji taka, njia yote ikiinamia tenkini. Shilingi 240,000 na chenji ikabaki. Tukapuliza pia bomba linaloingiza hewa tenkini, likatoka donge la wale vijidudu vya ziwani wanaotanda kama moshi. Lisafishe na lako, tenki likikosa hewa mnuko hauishi.

Kwa hiyo usitoe hata advansi kabla ya kitambaa. Kipande kipya kwa kila mpira, usirudie kilekile, na unusie nje, maana pua iliyokaa kebini imeshazoea. Asubuhi mpira ukiwa umelala na uchafu usiku kucha ndiyo saa nzuri.

Fanya kesho, urudi hapa useme kimenuka kipi. Halafu nijibu hili moja: huyo fundi wako, aligonga tenki kwa spana mara mbili?