WRX ya 2003 inanuka petroli: tenki lichomelewe au libadilishwe?

Mkuu, umesema Subaru Impreza WRX yako ya 2003 inanuka petroli, inadondosha kwa nyuma, na fundi anataka kuchomelea tenki. Msimamishe kwanza. Kazi hiyo nimeipitia kwenye yangu ya umbo hilohilo, hapa Dar, ambako hewa ya chumvi inakula magari kwa chini.

Anza kwa kujua kinachovuja. Jaza tenki mpaka juu. Kama harufu na matone vinatokea likijaa tu, kisha mafuta yakishuka kidogo vinakoma, shuku bomba la kujazia. Linapita juu ya gurudumu la nyuma kulia, nyuma ya kava la plastiki, na tope hukaa humo miaka. Kuna watu wamenunua tenki bure wakati tatizo lilikuwa hilo bomba. Likidondosha hata likiwa nusu, hapo sawa, shuku tenki lenyewe.

Kuchomelea sikubali. Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa, na kusuuza kwa sabuni hakuumalizi. Hata likizibwa vizuri, kutu ya ndani inabaki palepale. Gari lisilo na turbo litakusumbua kwa misi, yaani injini kukatakata. Lenye turbo litakula injini: kutu inaziba chujio la pampu, presha ya mafuta inaanguka wakati turbo inasukuma, hewa inazidi mafuta, injini inagonga, na pistoni za EJ20, injini ya WRX hii, zinapasuka kwenye nafasi za ringi. Rangi za kupaka ndani nazo siziamini. Zikibanduka zinaishia kwenye chujio hilohilo.

Tafuta tenki la mtumba Ilala, lililotoka kwenye WRX yenye pampu mahali palepale, la lita 60. Kagua mshono na sehemu mikanda inapokaa, ndiko kutu huanzia. Chungulia ndani kwa tochi. Ukiona unga wa kahawia, liache hata kama bei inavutia.

Siku ya kazi, chomoa soketi ya pampu chini ya siti ya nyuma, washa injini izime yenyewe ili presha itoke, kisha toa betri. Nyonya mafuta yote. Ekzosi ya nyuma na propela shafti vishuke; kwenye yangu difu (gia ya ekseli ya nyuma) nayo ilibidi ipishe. Kwa hiyo usimpe fundi anayesema atamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Sasa sikiliza hapa, maana mafundi wengi wanapakosea. Tenki hili lina mabonde mawili, propela shafti inapita katikati. Pampu iko upande wa kulia. Mafuta ya kushoto hayavuki yenyewe: yale yanayorudi kutoka kwenye injini ndiyo yanayoyavuta kwa kipampu kidogo kisicho na umeme. Mpira wake ukiachwa bila kufungwa, au ukipasuka, gari litazima huku geji inasoma karibu nusu, na utaambiwa pampu imekufa. Kagua pande zote mbili kabla ya kufunika.

Mipira ya mafuta iliyo nje ya tenki iwe ya mfumo wa injekta, yenye maandishi SAE J30R9. Kipande kinachozama ndani ya mafuta kinataka J30R10. Ule wa nje ukizamishwa unalainika na kupasuka. Gasiketi za pampu na geji weka mpya, na nati zake kaza kwa kupishana.

Ukimaliza, weka lita kumi, washa, kagua chini. Kisha jaza mpaka juu na uache usiku kucha. Chujio la kwenye boneti badilisha siku hiyo, na ulibadilishe tena baada ya wiki chache. Kabla hujakanyaga kwa nguvu, pima presha: mpira wa vakyumu wa regyuleta (kidhibiti cha presha ya mafuta) ukiwa umechomolewa, isome karibu na bar 3. Ikiwa chini ya hapo, endesha taratibu urudi kwa fundi.