Ukiachiwa mtoto anayenyonya: kwa dada anayeanza kazi ya kulea

Mdogo wangu, kama umeshuka stendi ya Mbeya hivi karibuni ukitokea Makete, Ludewa au Kilolo, na nyumba uliyofikia ina mtoto wa miezi miwili au mitatu ambaye mama yake anakaribia kurudi kazini, haya nakuandikia wewe. Kufua unajua, kupika utaelekezwa. Ila kumnywesha mtoto aliyezoea titi tu, wengi hawatakuelekeza, kwa sababu humo ndani wanaamini mtoto akisikia njaa atakunywa. Nimelea watoto saba katika nyumba tano, Forest mpaka Uyole, na wanne kati yao walikataa chupa kabisa siku za mwanzo.

Wa kwanza alikuwa wa kike, miezi mitatu kamili. Mama yake alirudi kazini Jumatatu, na chupa ilinunuliwa Mwanjelwa Jumapili jioni. Asubuhi nikamlaza chali mapajani, nikamtia chuchu ya chupa mdomoni. Akaisukuma kwa ulimi. Nikamtia tena, safari hii nikakaza mkono. Akalia mpaka akakosa pumzi, maziwa yakampalia yakatokea puani. Nilimwinua nikatetemeka naye. Siku tatu baada ya hapo alikuwa akiiona chupa tu, hata tupu, anaanza kulia. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote lingine nakuomba: usimlazimishe. Ukimlazimisha unamfundisha kuiogopa chupa, na hofu hiyo itakuchukua siku nyingi kuiondoa.

Mwombe mama muda wa kutosha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wiki mbili au tatu za mwisho za likizo hiyo ndizo za kujaribu, mara moja kwa siku, kidogo kidogo. Msianze mapema mno pia. Mtoto aachwe kwanza alizoee titi vizuri na maziwa ya mama yatulie, kama mwezi wa kwanza hivi.

Ukianza, mama atoke. Namaanisha atoke nyumbani, aende hata dukani, siyo akae chumbani akisikiliza. Mtoto anaijua harufu ya mama yake na sauti yake, na akijua titi lipo nyuma ya mlango, kwa nini ahangaike na mpira? Mwombe akuachie kanga aliyolala nayo, ujitande. Halafu chagua saa. Watu hudhani umngoje awe na njaa kali, lakini mtoto mwenye njaa kali hana subira ya kujifunza kitu kigeni. Mchukue anapoanza kuitafuta, anageuza kichwa na kunyonya vidole, kabla hajalia. Wengine hukubali wakiwa nusu usingizini, ndio kwanza wameamka.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo wa Dar es Salaam hawalijui: asubuhi za Juni na Julai chuchu ya chupa iliyolala jikoni inakuwa baridi na ngumu. Titi halijawahi kuwa hivyo. Itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, ilainike, ndipo umpe. Na nunueni chuchu yenye tundu dogo, la watoto wachanga. Usikubali kabisa ule ushauri wa kupanua tundu kwa sindano ya moto. Maziwa yatamwagika kwa kasi, mtoto atapaliwa, au atazoea mteremko na kuona titi linamchelewesha.

Mkalishe, usimlaze. Kichwa na mgongo vikae kwenye mkono wako, awe kama amekaa. Gusa mdomo wa chini kwa chuchu, kisha ngoja. Ngoja kweli. Akifungua mdomo mpana aivute mwenyewe. Shika chupa ikiwa imelala, chuchu ijae maziwa nusu tu, ili anywe kwa kuvuta badala ya kumiminiwa. Kila baada ya muda mfupi ishushe kidogo apumue, katikati mbadilishe mkono, mwishoni mweke begani abeue. Akigeuza uso, akitanua vidole, au maziwa yakimtiririka pembeni ya mdomo, ameshiba au amechoka. Acha. Akikataa tangu mwanzo, mpe dakika kama kumi za kuchezea chuchu kwa midomo, kisha iweke chupa pembeni, mbebe, mwimbie, zungukeni nje muone kuku. Jioni au kesho mtajaribu tena. Yule wa tatu niliyemlea hakukubali akiwa amekaa hata siku moja, alikubali nikiwa natembea naye ukumbini uso wake ukitazama dirisha.

Na wapo ambao chupa haitaingia. Huyo wa kike wa kwanza hakuwahi kuikubali. Aliyetuokoa alikuwa bibi jirani, mwenyeji wa Tukuyu, aliyeingia akitusikia tunalia wote wawili. Aliomba kikombe kidogo cha kahawa, akakichemsha, akatia maziwa ya mama yasiyofika nusu. Akamkalisha mtoto wima, amemfunga khanga mikono isirushe, akaegemeza ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini mpaka maziwa yakagusa midomo. Hakummiminia. Mtoto akatoa ulimi, akalamba, akatulia, akalamba tena. Baadaye nilikuta manesi wa kliniki nao wanapendelea kikombe kuliko chupa, kwa sababu kikombe kinasafishika kirahisi na chupa ina kona na mikunjo ya kuficha uchafu. Kwa hiyo usijione umeshindwa ukitumia kikombe. Kama ningeanza upya leo, ningeanza nacho.

Chochote mtakachotumia, osha kwa maji ya moto na sabuni, kisha chemsha kwenye sufuria safi yenye kifuniko. Nawa mikono kila mara. Maziwa yaliyokamuliwa yakikaa mezani, yatumike ndani ya saa nne, yakiwa kwenye friji ndani ya siku nne. Bandika plasta kwenye kila kopo, andika siku na saa, uanze na ya zamani. Umeme ukikatika usilifungue friji ovyo. Yakijitenga, mafuta juu na maji chini, hayajaharibika: yazungushe taratibu. Yapashe moto kwa kukiweka chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, kamwe si jikoni moja kwa moja, na ujidondoshee kwenye kifundo cha mkono kabla hujampa. Aliyoyabakiza hayangojei mlo wa mchana. Yasizidi saa mbili tangu alipoanza kuyanywa.

Kiasi kitakutia wasiwasi, najua. Mtoto wa miezi hii mara nyingi hunywa kati ya mililita 60 na 120 kwa mlo, kwa hiyo usimwekee chupa nzima ukaona hajala kitu. Wengine mchana hunywa vijiko vichache tu, wanamsubiri mama, kisha usiku kucha wananyonya. Mama atachoka, lakini mtoto anafidia. Wewe hesabu nepi: zikilowa sita au zaidi kwa siku nzima, mchana na usiku, yuko salama. Mkojo ukipungua, mdomo ukikauka, utosi ukibonyea au akilegea asiamke vizuri, hilo si la kungoja mama atoke kazini. Piga simu, nendeni hospitali.

Muulize mama pia kama kazini kwake mtoto anaweza kupelekwa. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri amruhusu anyonyeshe ndani ya saa za kazi, mpaka saa mbili kwa siku. Mama mmoja niliyefanya naye kazi hakulijua hilo. Alipoliomba, nikawa namfunga mtoto mgongoni saa sita, tunapanda bajaji, ananyonya, tunarudi amelala. Tukapunguza mlo mmoja wa kupigania.

Kabla ya miezi sita usimpe maji, uji wala maji ya sukari ili anyamaze, hata shangazi akisema wote walilelewa hivyo. Usimwegemezee chupa kwenye mto ukaenda kuosha vyombo. Na hata kama wewe mwenyewe una mtoto mdogo kijijini na maziwa yanakutoka, usimnyonyeshe huyu. Yapo maradhi yanayopita kwenye maziwa, na uamuzi huo si wako.

Limebaki moja, nalo ni gumu kuliko yote. Kuna siku mtoto atakataa kila kitu, na mama ameacha maziwa aliyoyakamua saa kumi alfajiri kabla ya kuoga. Utashawishika kuyamwaga na kusema amekunywa, ili asikuone huwezi kazi. Niliwahi kufanya hivyo. Mama akafurahi, akakamua machache kesho yake akidhani yanatosha, na jioni mtoto alikuwa amelegea kwa njaa. Tangu siku hiyo naweka daftari juu ya friji. Saa tatu, kijiko sita. Saa sita, amekataa. Saa nane, kikombe nusu, amelala. Mama akiingia analisoma kabla hajavua viatu, kisha anamchukua mtoto wake, nami nakwenda kuinjika chai.